Bei ya Treni

Jumapili hiyo Bilonda alirudi kutoka misa ya kwanza akiwa na shukrani nyingi hata hakujua pa kuziweka. Alishukuru kwa mvua iliyokatika mapema. Alishukuru kwa kuku aliyeiva bila usumbufu. Zaidi ya yote alishukuru kwa mwanaume mmoja, Sajini Bokungu, ambaye alasiri ya siku hiyohiyo angeingia sebuleni kwao pamoja na mama yake mzazi, aketi mbele ya Papa Tshilumba na kumposa yeye, Bilonda, mbele ya macho ya watu.

Mtu angemwona angemcheka. Msichana wa miaka ishirini na minane, karani mzima wa ofisi ya akiba na mikopo mjini Kamina, anayepanda pikipiki kila Jumamosi kwenda kambini kuwafundisha wake za wanajeshi mambo ya fedha bila sauti kumtetemeka, leo alikuwa amevaa blauzi tatu na kuzivua zote. Ya nne ilikuwa ile ya kwanza.

Wasiwasi wake ulikuwa na sababu. Amri ya uhamisho ilikuwa imetoka, na Alhamisi treni ya Kalemie ingemchukua Bokungu. Papa Tshilumba alikuwa amesema neno lake mapema: mahari yote ilipwe kabla ya treni, la sivyo hakuna posa. Bokungu alikuwa ameitikia tu, "Nitaleta, Papa," na wiki nzima hakumweleza Bilonda angeitoa wapi.

Walifahamiana kambini, miaka miwili na nusu iliyopita. Siku hiyo ya kwanza Bilonda alisimama mbele ya wanawake thelathini na kuwauliza ni nani kati yao aliyewahi kupigilia msumari kwenye ukuta wa nyumba yake. Wote waliangua kicheko. Mama Bolingo, mjane wa mwanajeshi na mama wa mwanajeshi, ndiye aliyejibu.

"Musumari ya nini, Madamu? Ukuta haina yangu. Minyi nafungaka kamba, natandika manguo. Siku ya treni nafungula, naenda. Kitu yenye haiwezi kupanda treni, hiyo haina yako."

Kumbe hilo ndilo lililokuwa somo. Bilonda aliwaonyesha jinsi kila familia ya kambi inavyonunua kitanda kwa bei kali siku ya kufika, kwa kuwa watoto hawawezi kulala chini, na kukiuza kwa bei ya kutupa siku ya kuondoka, kwa kuwa treni haingoji. Soko zima hujua uhamisho umetoka, na wanunuzi hukunja mikono wakingoja. Aliita hasara hiyo bei ya treni. Akawafundisha kugawa mshahara: ya kula, ya ugonjwa ambayo haiguswi, na ile ndogo, hata kama ni ndogo ya kuchekesha, ya kuweka kwenye kitu kinachokua. Wala si kitu kimoja tu, maana kikianguka utaanguka nacho. Jambo moja hakuwaambia, kwa aibu: kwamba mnunuzi mkubwa kuliko wote wa bei ya treni mjini Kamina, mwenye ghala lililojaa vitanda vya wanajeshi, alikuwa baba yake.

Mlangoni alisimama sajini mmoja mrefu, Bokungu, aliyekuja kumchukua mama yake, Mama Bolingo huyohuyo. Alinyoosha mkono kama mwanafunzi.

"Na muntu mwenye hajue kesho atalala wapi, aanze na nini?"

"Aanze na kidogo," Bilonda alimjibu. "Kila mwezi, bila kuruka."

"Kila mwezi?"

"Kila mwezi."

"Basi kila mwezi nitakuya kukuonyesha risiti."

Wanawake walishangilia, Bilonda akainamisha uso kwenye daftari lake. Alidhani ni maneno ya kijeshi tu. Mwisho wa mwezi Bokungu akatokea ofisini kwake na karatasi ndogo: malipo ya kwanza ya kiwanja ng'ambo ya reli. Mwezi uliofuata akatokea tena. Risiti thelathini, mara thelathini. Kiwanja kilipokwisha lipwa zikaja risiti za matofali, kisha za mabati, mpaka nyumba ya vyumba viwili ikasimama. Kuna watu wanaoandikiana barua za mapenzi. Hawa wawili walikuwa na risiti, na kila moja Bilonda angeweza kukusimulia siku yake.

Saa tisa wageni walifika. Bokungu alivaa shati jeupe lililopigwa pasi mpaka likatoka mistari. Macho yake yalimtafuta Bilonda kabla hayajatafuta kiti, yakampata kwenye mlango wa jikoni, na yakakaa hapo zaidi kidogo kuliko adabu ilivyoruhusu. Bilonda alihisi shingo yake ikipata joto. Lakini aliona pia kitu kingine machoni humo, kitu kama mtu anayeomba msamaha kabla ya kosa.

Alirudi jikoni kupakua. Alipoingia na sinia, maongezi yalikuwa yamefika mbali.

"Treni yako iko Alhamisi," alikuwa akisema Papa Tshilumba. "Miaka yote niko mu hii soko, naona bantu banapanda. Mwanajeshi mwenye anapanda mbele ya kulipa, harudiake. Sikusemee mubaya, Sergent. Nasema tu yenye nilisha kuona."

"Nasikia, Papa. Njo maana nilileta."

Juu ya meza, katikati ya sahani, palikuwa na bahasha ya rangi ya kahawia iliyochakaa pembeni. Bilonda aliitambua mara moja, sinia ikamwelemea mikononi. Ilikuwa bahasha ya risiti, na chini yake karatasi ya kiwanja.

"Hii inafanya nini hapa?" aliuliza.

Mama Bolingo aliangalia miguu yake. Papa Tshilumba akasema kwa sauti ya kawaida ya dukani:

"Ananiuzisha kiwanja. Feza yenye nitamulipa njo itakuwa dot, mahari yako. Tulisha kusikilizana."

"Na beyi gani?"

"Beyi ya mabati ya juu. Tofali nilimuongezea."

"Na udongo?"

"Bilonda, muntu iko na siku ine. Nani mwingine mu Kamina iko na feza mu mukono leo?"

Bilonda aliweka sinia mezani polepole, asimwage mchuzi, akatoka nje uani. Nyuma yake alimsikia Bokungu akiomba: "Papa, unipe dakika mbili."

Mbabula, lile jiko la mkaa, ilikuwa bado na makaa. Bilonda alisimama mbele yake akijifanya anayapanga.

"Bokungu, nilikufundisha nini?"

"Ulinifundisha mingi."

"Juu ya beyi ya treni. Nilikufundisha nini?"

Sajini alijibu kama aliyeulizwa na mkubwa wake. "Haraka ya mwenye kuuzisha njo faida ya mwenye kununua."

"Na leo weye njo unauzisha. Na papa yangu njo ananunua. Na minyi njo faida."

"Usiseme vile."

"Niseme namna gani?"

Bokungu alimsogelea, akasimama karibu kiasi cha Bilonda kusikia harufu ya sabuni kwenye shati lile. "Sikiliza. Kiwanja nitapata ingine. Nitaanza tena na risiti moja. Lakini weye, ingine nitapata wapi? Papa yako alisema yote mbele ya Alhamisi. Nilifanya hesabu usiku tatu. Hakuna fasi ingine ya kupata feza ya kutosha."

Maneno hayo yalimwingia Bilonda mpaka ndani, na kwa muda alitamani kuyakubali na kunyamaza. Ni mwanamke gani asiyetaka kuambiwa hivyo? Lakini alimpenda mtu huyu kwa sababu ya zile risiti, na hakuweza kumwacha azitupe.

"Ile ya mwezi wa kwanza unaikumbuka?" aliuliza. "Mvua ilinyesha toka asubuyi. Uliingia mu biro na kichwa kimelowana, shati imelowana, na risiti ilikuwa mu kofia, kavu."

"Nakumbuka. Ulinipa kitambaa ya kupanguzia uso."

"Siku ile njo nilijua nitakupenda. Sasa unaenda kuiacha pa meza ya papa na beyi ya mabati." Alisukuma kaa moja pembeni. "Kama unauzisha ile nyumba juu yangu, minyi nitabaki muke mwenye alikula nyumba yako. Hautanisemea. Lakini siku moja tutakosa fasi ya kulala, na utaniangalia, na nitajua."

Bokungu alimshika mkono. Mkono wake ulikuwa mkavu na wa moto. "Na nani ataichunga? Minyi niko Kalemie, mama iko na minyi. Nyumba bila muntu, mwaka moja tu bataiuzisha mara mbili."

Hilo lilikuwa kweli. Kitu kisichosafiri kinahitaji mtu asiyesafiri. Alikuwa ameusahau mstari huo katika masomo yake yote. Hata hivyo aliubana ule mkono, akamwongoza kurudi ndani.

Baba yake alikuwa amevaa miwani, tayari kusoma karatasi ya kiwanja. Bilonda hakuketi.

"Papa, nyumba ya Likasi, uliiuzisha na beyi gani?"

Miwani ilishuka. Nyumbani mwao jina la mji wa Likasi halikutajwa mezani. Mwaka ule wa tisini na mbili Tshilumba alikuwa kijana aliyeoa juzi, na kama watu wengine wenye asili ya Kasai waliofukuzwa huko, alipanda treni na alichoweza kubeba. Akashuka Kamina, akaanza upya. Bilonda alikua akijua hilo tu, mpaka mama yake alipougua.

"Nani alikuambia?"

"Mama. Mbele ya kufa."

Mama Bolingo aliacha kutafuna. Mzee aliposema, alimtazama Bokungu, si binti yake.

"Vyumba vine. Papa yangu alijenga na mukono yake, kila likizo chumba moja. Niliiuzisha na masini ya kushona. Moja. Juu masini ilikuwa inaweza kupanda treni." Alipangusa miwani kwa pindo la shati. "Na haikupanda. Fasi ilikosa, niliiacha pa gare ya treni. Muke yangu alilia juu ya ile masini kupita nyumba."

"Na mwenye alinunua?" Bilonda aliuliza taratibu.

"Hakukuwa muntu mubaya. Alinikaribisha maji. Alikuwa tu na feza mu mukono ile siku."

Alipolisema hilo alilisikia mwenyewe. Bilonda aliona kabisa lilivyomrudia, na moyo ukamwuma kwa ajili yake, maana alikuwa baba mwema.

Papa Tshilumba aliivuta ile bahasha, akazimimina risiti mezani. Alilowesha kidole kwa ulimi kama afanyavyo dukani, akaanza kuzipitia moja moja, mwezi kwa mwezi.

"Mwezi gani uliruka?"

"Hakuna, Papa."

"Hata wakati mushahara ilichelewa?"

Hapo Mama Bolingo akaingilia. "Ile mwezi ilitoka mu muhindi yangu ya unga. Mutoto yako alitufundisha kununua muhindi ku Kaniama wakati banavuna, tuichunge mpaka miezi ya njala. Mwaka ya kwanza nilisikia bivumo ya mitasyon, ati tunahamishwa, nikaogopa, nikauzisha yote na beyi ya chini. Na mitasyon haikukuya." Alicheka mwenyewe, akitikisa kichwa. "Mwaka ya pili nikasikiliza. Mifuko sita, Papa. Mifuko tatu ilikuwa mabati ya ile nyumba. Minyi sijasoma, lakini kila siku nikisali nataja jina ya Bilonda mbele ya jina ya huyu mwana."

"Mbele yangu, mama?" Bokungu akauliza.

"Weye Mungu alisha kukujua."

Hata Papa Tshilumba alitabasamu. Kisha mama yule aliweka mikono yote miwili juu ya meza, na sauti yake ikabadilika.

"Nilibasikia kule inje, munauliza nani atachunga nyumba. Minyi sipande Alhamisi."

"Mama," Bokungu alianza.

"Nilisha kupanda mara kumi na moja. Nilizaa mu treni. Bwana yangu alikufa mu nyumba ya kambi, siku tatu bakaniomba ufunguo. Nilikuwa nafikiri mukristo mwenye heshima anakufa na malle yake, sanduku yake ya safari, imefungwa. Sasa niko na vyumba mbili ng'ambo ya reli, na unataka nipande tena? Enda, mwanangu. Minyi nitabaki na mabati yangu."

Bokungu alifumba macho. Alipoyafumbua yalikuwa na maji, na hakuyaficha.

Papa Tshilumba alizipanga risiti zile, akazigonga mezani zilingane, akazirudisha kwenye bahasha. Karatasi ya kiwanja akaitia juu yake. Akaisukuma bahasha yote mpaka mbele ya Bilonda.

"Sinunue," alisema. "Sergent, utaleta mbuzi moja mbele ya Alhamisi, ya marehemu mama yake. Hiyo hatuiachake. Ingine utalipa vile ulilipa kiwanja. Kila mwezi. Risiti nitaandika minyi mwenyewe. Ukikuya na konje, ile likizo yenu, tunaenda kanisa."

"Papa, sijui nikushukuru namna gani."

"Usiruke mwezi. Njo shukrani." Akageuka kwa binti yake, na kwa mara ya kwanza siku hiyo sauti yake haikuwa ya dukani. "Na weye, nakushukuru uliniuliza. Miaka yote hakuna muntu aliniuliza ile beyi."

Bilonda alipiga magoti kando ya kiti chake, akaegemeza kichwa kwenye goti la mzee kama alivyokuwa akifanya alipokuwa mdogo. Chakula kilikuwa kimepoa. Walikila hivyohivyo, na hakuna aliyelalamika.

Alhamisi asubuhi kituo cha treni kilijaa magodoro, masufuria, mabeseni na kuku waliofungwa miguu. Wanunuzi walizunguka kati ya familia wakiuliza bei kwa sauti ya chini. Papa Tshilumba hakuwa miongoni mwao. Bokungu alisimama na mfuko mmoja tu begani, na wenzake walimtania kwamba amesahau nyumba.

"Sikuisahau," aliwaambia. "Niliiacha."

Alimvuta Bilonda pembeni, karibu na ukuta. Walitazamana tu, kila mmoja akijiwekea akiba ya uso wa mwenzake.

"Mwisho wa mwezi sitakuwa mu biro yako," alisema.

"Utanitumia na telefone risiti ya kutuma feza. Picha."

"Na kama mvua inanyesha?"

"Weka mu kofia." Alijaribu kucheka, machozi yakamtangulia. "Urudie, Bokungu. Siko na kitu ingine ya kukufundisha. Urudie tu."

"Nilisha kuruka mwezi siku gani?"

Alimbusu kwenye paji la uso, mbele ya kikosi kizima, kisha akapanda. Treni iliondoka polepole, Bilonda akaifuata kwa macho mpaka ilipopinda. Aliumia, ndiyo. Lakini chini ya maumivu yale palikuwa na utulivu ambao hakuutegemea, na alimshukuru Mungu kwa huo pia.

Yeye na Mama Bolingo walivuka reli kwa miguu. Nyumba ilikuwa na vyumba viwili vya matofali mekundu, haijapigwa lipu, na mabati yaliyong'aa. Sanduku la bati lilikuwa limetangulia asubuhi kwa baiskeli. Mama Bolingo alilifungua, akatoa kamba yake ya nguo, akasimama katikati ya chumba akitafuta pa kuifunga. Mazoea ni mazoea.

Bilonda alitoa mkobani nyundo na pakiti ya misumari. "Papa alikutumia. Alikataa kusema beyi."

Mama yule aliipima nyundo mkononi. Msumari wa kwanza ulipinda, ukaanguka. Akavuta pumzi, akashika wa pili, akaupiga kwa uangalifu, mara ya kwanza, mara ya pili, mpaka ukazama kwenye tofali na kukaa. Aliujaribu kwa kidole. Kisha akainama kwenye sanduku, chini kabisa, akatoa kofia ya kijeshi ya marehemu mume wake iliyosafiri humo miaka yote ikiwa imekunjwa. Akaikung'uta, akaitundika.

Alirudi nyuma hatua mbili, akaitazama muda mrefu.

"Madamu," akasema bila kugeuka, akinyoosha mkono nyuma, "lete ingine."